Barua Pepe kwa Masikio: Asiyeona Anavyoweza Kusoma Barua Zake Mwenyewe kwa Simu

Msikilizaji wetu mmoja wa Butimba, jijini Mwanza, alitupigia simu studio baada ya kipindi cha asubuhi. Aliwahi kuwa karani wa mahesabu. Presha ya macho ilimpunguzia uwezo wa kuona kidogo kidogo, na sasa haoni kabisa. Alikuwa ameomba kazi, na kwenye fomu ya maombi alijaza anuani ya barua pepe aliyofunguliwa na mpwa wake. Mpwa ndiye aliyekuwa akimsomea. Mpwa akasafiri kwenda Ukerewe kwa msiba.

Simu ya mjomba ilikuwa ikilia mlio wa ujumbe kila siku, naye akadhani ni yale matangazo ya kila siku ya bando. Mpwa aliporudi na kufungua, akakuta barua ya kuitwa kwenye usaili. Usaili ulikuwa umefanyika jana yake. Kilichomuuma msikilizaji wetu, kama alivyotueleza, ni kwamba barua hiyo alitembea nayo mfukoni siku nne nzima.

Tulimuuliza ana simu ya aina gani. Alikuwa na simujanja ya kawaida tu, zile zinazouzwa kila kona ya mji. Tukamwambia kuwa simu ya namna hiyo, mara nyingi, inajua kusoma. Hakuna aliyewahi kumwambia.

Wenye umri mkubwa wanaikumbuka hali hii, hata wanaoona. Barua ilikuja kwa S.L.P. ya shule au ya parokia, mzee asiyejua kusoma akamwita mtoto wa darasa la sita amsomee. Mtoto alisoma yote, ya salamu, ya madeni na ya ugomvi wa shamba. Kabla ya jua kuzama kitongoji kizima kilikuwa kimeshajua. Ibara ya 16 ya Katiba ya Tanzania inampa kila mtu hifadhi ya mawasiliano yake binafsi. Mkataba wa Umoja wa Mataifa wa Haki za Watu Wenye Ulemavu, ambao Tanzania iliuridhia mwaka 2009, nao unalitaja jambo hilo hilo katika ibara ya 22. Lakini hifadhi hiyo ina faida gani kwako ikiwa huwezi kuifungua barua bila kumwita mtu?

Simu inayosema

Programu inayofanya kazi hii huitwa kisoma skrini. Inasoma kwa sauti kilichoandikwa kwenye kioo cha simu: majina ya vitufe, saa, ujumbe, na barua. Kwenye simu za Android kisoma skrini hicho ni TalkBack, na kwenye iPhone ni VoiceOver. Vyote viwili vipo tangu mwaka 2009, na havilipiwi. Kama simu yako ya Android haina TalkBack, kama ilivyo kwa baadhi ya simu za bei ya chini, jaribu kuipakua kutoka Play Store. Simu ya kitochi haina huduma hii.

Hapa tutazungumzia TalkBack na programu ya Gmail, kwa kuwa ndizo ambazo wasikilizaji wetu wengi wanazo mkononi. Majina na mpangilio hutofautiana kidogo kati ya simu na simu, kwa hiyo usishangae ukikuta neno si lile lile.

Kuiwasha, nenda kwenye Mipangilio, kisha Ufikivu, kisha TalkBack. Simu nyingi pia hukubali kubonyeza vitufe vyote viwili vya sauti kwa pamoja na kuvishikilia kwa sekunde kama tatu. Njia hiyo hiyo huizima.

Mara tu inapowaka, simu hubadilika tabia, na hapa ndipo watu wengi hukata tamaa. Ukigusa mara moja haifungui kitu, inakisoma tu. Kukifungua, unagusa mara mbili haraka, na si lazima uguse palepale. Popote kwenye kioo panatosha. Ukitelezesha kidole kimoja kwenda kulia unasogea kwenye kitu kinachofuata, na kushoto unarudi nyuma. Vidole viwili kwa pamoja ndivyo vinavyoshusha au kupandisha ukurasa. Kurudi ulikotoka, telezesha chini kisha kushoto bila kuinua kidole.

Tunatoa onyo dogo kwa mafundi simu na kwa jamaa wanaosaidia. Tumesikia habari za simu zilizopelekwa kwa fundi eti zimegoma, haziitiki zikiguswa na zinaongea zenyewe. Fundi akafuta kila kitu, namba za watu na picha za harusi. Simu hizo hazikuwa mbovu, ilikuwa TalkBack imewashwa kwa bahati mbaya. Shikilia vitufe vya sauti kwanza kabla ya kumlipa mtu.

Sauti ya Kizungu na barua ya Kiswahili

Jambo la pili linalokatisha tamaa ni lugha. Simu nyingi huuzwa zikiwa zimewekwa Kiingereza, na sauti ya Kiingereza ikikutana na neno "usaili" hulitamka kwa namna ambayo hata aliyeandika barua hawezi kulitambua. Msikilizaji wetu wa Butimba alipoiwasha mara ya kwanza alidhani ameandikiwa Kifaransa.

Dawa ipo. Kwenye Mipangilio tafuta sehemu ya simu kusoma maandishi kwa sauti, chagua injini ya Google, kisha pakua sauti ya Kiswahili. Fanya hivyo ukiwa na Wi-Fi au bando la kutosha, mara moja tu. Baada ya hapo sauti ipo ndani ya simu na haihitaji intaneti. Punguza pia mwendo wa kusoma kwa wiki ya kwanza. Wazoefu huuongeza hadi mtu mwingine akisikiliza hapati hata neno, na hiyo nayo ni namna ya kutunza siri.

Usisikilize kila kitu

Sasa tufungue barua. Ukiingia Gmail unakuwa kwenye kikasha, yaani orodha ya barua zilizoingia. Telezesha kulia. Kwa kila barua simu hukusomea kwa mfululizo: kama haijasomwa, imetoka kwa nani, inahusu nini, maneno machache ya mwanzo, na siku au saa ilipofika. Hayo yote yako kwenye mstari mmoja.

Ukikumbuka jambo moja tu katika makala haya, basi liwe hili. Anayeona hasomi barua zake zote. Anapitisha jicho, anaruka tangazo la kamari, anaruka salamu za benki, jicho linatua kwenye jina analolijua. Anayeanza kutumia kisoma skrini hufanya kinyume: hukaa akasikiliza kila neno mpaka mwisho, barua 40 za matangazo, na ikifika ya 41, ambayo ndiyo yenyewe, ameshachoka. Huna haja. Ukisikia jina la mtumaji na si unayemtaka, telezesha kidole hata kabla simu haijamaliza. Itanyamaza na kusoma inayofuata. Ndani ya dakika moja au mbili unaweza kupita barua nyingi kwa namna hiyo, kama mchuuzi wa samaki anavyopitisha mkono kwenye sato akitafuta walio wazito.

Ukiipata, gusa mara mbili. Barua ikifunguka, kabla ya maandishi yenyewe utapita kichwa cha barua, kitufe cha nyota, jina la mtumaji na tarehe. Endelea kulia mpaka uingie kwenye mwili wa barua. Hapo una namna mbili. Ya kwanza ni kuiachia simu isome mfululizo hadi mwisho. Kwa hilo unafungua menyu ya TalkBack, ama kwa kugusa kioo kwa vidole vitatu kwa pamoja, ama kwa kutelezesha kidole kimoja chini kisha kulia, na unachagua kusoma kuanzia hapo ulipo. Ya pili ni kuruka. Ndani ya menyu hiyo hiyo, au kwa kutelezesha vidole vitatu juu na chini, unachagua kipimo cha kusogea: kichwa kwa kichwa, kiungo kwa kiungo, aya kwa aya, mstari kwa mstari, neno kwa neno, herufi kwa herufi. Ukishachagua, kidole kimoja kikishuka kinakupeleka mbele kwa kipimo hicho, kikipanda kinakurudisha.

Herufi kwa herufi inaonekana kama kazi ya mtoto wa chekechea, lakini ndiyo utakayoitumia kwenye mambo mazito. Tarehe ya usaili, kumbukumbu namba ya malipo, namba ya simu, yote hayo yasikilize herufi kwa herufi na urudie. Sauti inaweza kuzisoma tarakimu kama idadi moja kubwa, mamilioni na maelfu, usiambulie kitu. Na kama barua inasema tarehe 3/4, jiulize ni Aprili au Machi. Hilo si kosa la simu bali la mwandishi, lakini aliyekosa usaili ni wewe.

Barua ikiwa ni majibizano ya muda mrefu, Gmail hukunja zile za zamani na kukuonyesha ya karibuni. Usiogope ukisikia kitufe kinachotaja ujumbe wa awali. Ni historia tu. Chini kabisa utakuta Jibu na Sambaza, na kama barua ilikwenda kwa watu wengi, kipo pia kitufe cha kuwajibu wote. Hapo sikiliza mara mbili kabla ya kugusa mara mbili. Kujibu wote kwa barua uliyokusudia mtu mmoja ni aibu isiyobagua, wanaoona nao huipata.

Pitia mara moja kwa wiki sanduku la barua taka. Barua halali za ofisi huishia humo mara nyingi kuliko watu wanavyodhani. Na bando likiisha, usikate tamaa. Gmail kwa kawaida huweka ndani ya simu barua za siku 30 za karibuni, hivyo barua iliyokwisha kuingia unaweza kuisikiliza hata huko kusiko na mtandao.

Kujibu

Kuandika kwenye kioo laini kunahitaji uvumilivu. Unapitisha kidole kwenye herufi, simu inazitaja, ukifika kwenye unayoitaka unainua kidole au unagusa mara mbili, kutegemea simu ilivyowekwa. Wengi huona heri kusema. Google iliongeza Kiswahili kwenye uandishi wa kwa sauti mwaka 2017, hivyo ukigusa alama ya maikrofoni kwenye kibodi unaweza kusema barua yako ikaandikwa. Isikilize yote kabla ya kutuma. Majina ya huku kwetu huyachanganya. Misungwi na Magu anaweza kuyapatia, lakini jina la ukoo la Kisukuma likamshinda kabisa.

Waliosoma nukta nundu, kwa mfano waliopitia shule ya Buigiri mkoani Dodoma, wana njia ambayo sisi tunaona ndiyo nzuri kuliko zote. Tangu mwaka 2020 TalkBack ina kibodi ya nukta nundu. Unashika simu kwa kuilaza, vidole sita vinafanya kazi ya zile nukta sita, na unaandika kwa kasi bila kelele. Hata ndani ya daladala ya Nyegezi, kondakta akipiga mlango, unaandika barua yako na jirani yako hajui.

Kiambatisho kisichosomeka

Turudi kwa msikilizaji wetu. Alipojifunza kuruka na kusikiliza, aliifungua tena ile barua ya usaili. Mwili wa barua ulikuwa na sentensi moja tu, tafadhali rejea kiambatisho. Kiambatisho kikafunguka. Simu ikanyamaza.

Ofisi iliyomwandikia, ambayo hatutaitaja, ilikuwa imechapa barua, ikaipiga mhuri, ikaipiga picha, ikatuma picha. Kwa jicho ni barua. Kwa kisoma skrini ni karatasi tupu, kwa sababu ndani ya faili hakuna herufi hata moja, kuna picha ya herufi. Hata PDF nyingi ziko hivyo hivyo, maana zimetoka kwenye mashine ya skana.

Kuna msaada kidogo. Google Lens inaweza kutoa maandishi yaliyomo ndani ya picha na kuyasoma kwa sauti. Inafanya kazi vizuri kama picha ni safi, lakini mhuri ukikaa juu ya tarehe, au karatasi ikiwa imekunjwa, hukosea, na kosa la tarakimu moja linatosha kukupeleka ukumbini siku isiyo yako. Kwa barua yenye uzito, mwandikie mtumaji mara moja umwombe akutumie maandishi yenyewe. Huombi fadhila. Barua uliandikiwa wewe.

Nanyi mnaotuma, kuanzia ofisi za kata hadi vyama vya ushirika na wenyeviti wa vikoba, tunawaomba mambo machache. Andikeni jambo, tarehe, saa na mahali ndani ya mwili wa barua, hata kama mnaambatisha yenye mhuri. Kichwa cha barua kiseme kitu. "Tangazo" au "Muhimu" hakimsaidii anayepitisha sikio kwenye barua 50. Badala ya kuandika "bofya hapa" mara nne, andikeni kiungo kinapeleka wapi. Na sisi wenyewe tulikuwa na kosa hilo, tukituma ratiba ya vipindi vyetu kama picha yenye rangi nzuri kwa miaka. Tulikumbushwa na simu hiyo hiyo ya Butimba.

Matapeli

Anayeona hutazama nembo na kuamini, na mara nyingine ndipo anapoibiwa, maana nembo hunakiliwa kirahisi. Anayesikiliza ana nafasi ya kuwa mwangalifu zaidi, akitaka. Kwenye barua inayodai imetoka serikalini, fungua maelezo ya mtumaji na uisikilize anuani herufi kwa herufi. Anuani rasmi za taasisi za serikali ya Tanzania huishia na nukta go nukta tz. Ikiwa barua inasema ni ya wizara na anuani inaishia na gmail, shuku. Ikikuomba hela ya fomu ili upate kazi, au nywila, au namba ya siri iliyoingia kwa ujumbe mfupi, ifute.

Kuhusu nywila, jambo hili ni gumu kwa sababu linagusa undugu. Mpwa yule hakuwa na nia mbaya, na mjomba alitueleza kuwa bila yeye asingekuwa hata na anuani. Lakini Ajira Portal ya Sekretarieti ya Ajira katika Utumishi wa Umma humtaka mwombaji awe na barua pepe, na mwenye nywila yako ya barua pepe anaweza kuomba abadilishiwe nywila za akaunti zako nyingine zote. Ni kama kumwachia mtu ufunguo wa nyumba pamoja na hati ya kiwanja. Badilisha nywila, iandike ukiwa na spika za masikioni ili isisikike, na umshukuru aliyekusaidia. Msaada mwingine bado utauhitaji.

Vaa spika za masikioni kila unaposoma barua mbele za watu, lakini ukiwa barabarani acha sikio moja wazi. Bodaboda hazitangulizi taarifa. Matoleo mapya ya TalkBack yanaweza pia kuficha skrini, ikawa nyeusi huku simu ikiendelea kusoma, na jirani kwenye siti ya daladala hana cha kuchungulia.

Kwa wenye kompyuta

Kwenye kompyuta ya Windows ipo NVDA, kisoma skrini cha bure kilichoanzishwa mwaka 2006 na Michael Curran wa Australia, ambaye mwenyewe haoni. Ndani yake kuna sauti ya Kiswahili, ya kibati kidogo, lakini inaeleweka. Ukiwa kwenye ukurasa wa wavuti herufi H hukurusha kichwa hadi kichwa na K hukurusha kiungo hadi kiungo. Kompyuta ya zamani ya shule inaweza kuiendesha.

Kwa anayeanza leo na simu, mazoezi yenyewe ni haya. Mwombe mtu akutumie barua tatu fupi, moja yenye tarehe, moja yenye namba ya simu, na moja yenye kiambatisho cha maandishi. Zitafute kwenye kikasha, zifungue, uziandike majibu, kisha ufute mbili. Rudia kesho yake bila msaidizi. Msikilizaji wetu wa Butimba alituambia ilimchukua kama wiki mbili, na siku tatu za kwanza alitaka kuitupa simu ziwani. Barua yake ya kwanza kutuma peke yake ilikwenda kwenye ile ofisi ya usaili. Aliwaeleza kilichotokea, akaomba watakapoita tena wamwandikie maandishi badala ya picha. Walimjibu kwa mistari miwili, akaisoma mwenyewe akiwa kibarazani.